Kuiga picha ya kolajeni chini ya leza kwa kompyuta ya kawaida

Hapa Mtwara sina hadubini ya leza, na wengi mnaoniuliza pia hamna. Kompyuta yenye Python, lugha ya kuandikia programu, inatosha kabisa kujifunza jinsi kano inavyong'aa, na siku ukifika maabara utajua unachokitafuta.

Leza ya nanomita 800 ikiipiga kolajeni, protini ya nyuzi inayounda kano, fotoni (chembe za mwanga) mbili huungana na kutoka moja ya nanomita 400. Hakuna rangi iliyopakwa. Nyuzi zenyewe ndizo zinazotoa mwanga huo, kwa kuwa kila uzi una kichwa na mkia.

Hatua ya 1. Lalisha uzi mmoja. Pembe kati ya uzi na mwelekeo ambao mwanga wa leza unatikisika iite θ. Uzi huitikia kwa nguvu moja leza ikitikisika sambamba nao, na kwa nguvu nyingine ikitikisika kwa kuukatiza; uwiano wa ile ya kwanza kwa ya pili uite ρ. Kwa kano anza na 1.4. Kisha andika, Pz ikiwa mwitikio kwa urefu wa uzi na Px wa kuukatiza:

Pz = ρ cos²θ + sin²θ
Px = sin 2θ
Mwangaza = Pz² + Px²

Hatua ya 2. Zungusha θ toka 0 hadi digrii 180. Kwenye 0 upate 1.96, kwenye 90 upate 1, kwenye 45 upate 2.44. Usishtuke kwamba kilele hakiko sambamba na uzi. Kiko karibu na digrii 38. Namba hizi zisipotoka, usiendelee.

Hatua ya 3. Hapa ndipo penye kazi. Doa la leza, lenye upana wa karibu nusu mikroni, hukusanya nyuzi nyingi. Weka 100, Pz na Px za kila uzi zizidishe kwa +1 au −1 kufuata kichwa kilikoelekea. Jumlisha Pz zote na Px zote kwanza, ndipo utafute mwangaza. Mimi nilijumlisha mwangaza wa uzi mmoja mmoja, na wiki nzima nikawa na picha nzuri ya uongo. Fikiria watu wanaovuta jahazi pale Mikindani: 50 wakivuta huku na 50 kule, halisogei. Nyuzi nazo zikigawana hivyo, mwanga ni sifuri. Zikielekea upande mmoja, ni mara 10,000 ya uzi mmoja. Zikipangwa kwa kurusha shilingi, wastani ni mara 100.

Hatua ya 4. Ongeza unene. Mwanga unaotikisika sambamba na nyuzi hucheleweshwa kidogo kuliko unaozikatiza; tofauti ya vipeo vyao vya kupinda mwanga ni takriban 0.003. Ulioingia kwa digrii 45 ukipita mikroni 67 hivi, mtikisiko wake unakuwa wa duara na pembe yako imepotea. Anza na kipande cha mikroni 10.

Hatua ya 5. Tia kelele ya Poisson, yaani kubadilika-badilika kwa bahati nasibu kwa idadi ya fotoni, kisha itafute ρ upya kutoka kwenye picha. Ikirudi karibu na 1.4, msimbo wako uko sawa.