Shahada ya hisabati kuelekea kazi ya takwimu bima: panga hivi, mwaka kwa mwaka

Kijana akichaguliwa kusoma shahada ya hisabati, nyumbani wanamuuliza kama anakwenda kuwa mwalimu. Ualimu ni kazi njema. Lakini ipo kazi nyingine inayowatafuta watu wa hisabati kwa tochi, nayo ni takwimu bima. Mtakwimu bima ndiye anayekokotoa ada ya bima, kiasi ambacho kampuni lazima iweke kando kwa madai yajayo, na uwezo wa mfuko wa pensheni kuwalipa watu watakaostaafu miaka 30 kuanzia leo. Tangu kanuni ya uhasibu ya IFRS 17 ianze kutumika Januari 2023, kampuni ya bima haiwezi kufunga hesabu zake za mwaka bila mtu wa namna hii kuwa karibu.

Vipo vyuo vyenye shahada ya takwimu bima yenyewe, kama Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Chuo Kikuu cha Nairobi, JKUAT na Strathmore. Mwongozo huu ni wa aliyeko kwenye hisabati, au hisabati na takwimu. Wewe hujapotea njia. Edmond Halley, mtaalamu wa hisabati na elimu ya nyota, ndiye aliyechapisha mwaka 1693 jedwali la vifo vya mji wa Breslau na kulitumia kukokotoa bei ya malipo ya kila mwaka kwa mtu angali hai. Fani hii imezaliwa ndani ya hisabati.

Vijana ninaowasimamia kazini nawaambia jambo moja kuliko mengine yote: mitihani ya taaluma, ile inayotungwa na vyama vya watakwimu bima nje ya chuo, ndiyo iongoze mpangilio wa kozi zako. Ukingoja umalize chuo ndipo uanze kuifikiria, utajikuta unasoma upya mambo uliyokuwa nayo kichwani mwaka wa pili.

Hatua ya 1: Chagua chama cha taaluma kabla ya kuchagua kozi za hiari

Njia kubwa ni mbili. Ya kwanza ni IFoA (Institute and Faculty of Actuaries), chama cha watakwimu bima cha Uingereza. Mitihani yake ya mwanzo ni CS1 na CS2 (takwimu), CM1 na CM2 (hisabati ya fedha na ya bima), pamoja na ile ya kundi la CB inayohusu fedha za biashara na uchumi. Hufanyika Aprili na Septemba. Ya pili ni SOA (Society of Actuaries) ya Marekani, ambayo wengi huianza kwa mtihani P wa uwezekano, wenye maswali 30 ya kuchagua jibu kwa saa tatu, kisha FM wa hisabati ya fedha.

Kama unakusudia kufanya kazi Dar es Salaam, Nairobi au Kampala, mimi nakushauri IFoA. Wengi utakaowakuta kazini wamepita huko, na utapata wa kumuuliza. Kama una mpango wa kweli wa kwenda Marekani au Kanada, chukua SOA. Usichanganye zote mbili ukiwa bado mwanafunzi, maana pesa na muda havitatosha.

Ukishachagua, pakua muhtasari wa mtihani wa kwanza kutoka tovuti ya chama husika. Ni bure. Uchapishe kwenye karatasi, uuweke pembeni ya orodha ya kozi za idara yako, kisha mbele ya kila mada andika jina la kozi itakayoifundisha. Mada zitakazobaki wazi ndizo za kuzitafutia kozi ya hiari, au za kujisomea. Karatasi hiyo moja ina thamani kuliko ushauri mwingi wa korido.

Hatua ya 2: Mwaka wa kwanza, kalkulasi na aljebra ya matriksi

Wengi huvumilia kalkulasi wakitaka tu kukwepa kusapu. Kwako wewe haitoshi. Uwezekano wa ngazi ya chuo kikuu ni intego kwa sehemu kubwa, na bima ni uwezekano wenye fedha ndani yake.

Chukua mfano huu. Tuseme dai la ajali ya gari lina mgawanyo wa kielelezo (exponential) wenye wastani wa shilingi 2,000,000, na mkataba unasema mteja abebe mwenyewe 500,000 za mwanzo. Kampuni itegemee kulipa wastani wa kiasi gani kwa kila ajali? Atakayekimbilia kutoa 500,000 kwenye 2,000,000 amekosea, kwa sababu madai mengine ni madogo kuliko hiyo 500,000 na kampuni hailipi chochote. Jibu linatokana na intego kuanzia 500,000 kwenda juu, nalo ni 2,000,000 mara *e* kwa kipeo cha −0.25, yaani takriban 1,557,602. Ukiweza kulifikia mwenyewe kwa kalamu kabla ya mwaka wa kwanza kuisha, uko pazuri.

Matriksi utazihitaji baadaye kwenye rigresheni na minyororo ya Markov. Kozi ya utangulizi wa uchumi ikiwa wazi kwa wanafunzi wa idara yako, ichukue mapema, kwa sababu inakuandaa kwa mtihani wa uchumi wa kundi la CB.

Hatua ya 3: Mwaka wa pili, takwimu zikiwa za moto ingia mtihani

Kozi nzito za mwaka huu ni nadharia ya uwezekano, makadirio na majaribio ya dhana, na rigresheni. Ukizipanga zote ndani ya mwaka mmoja, CS1 inakuwa karibu sana. Jisajili kwa awamu ya kwanza inayofuata baada ya kumaliza kozi hizo, usiipishe. Nimeona vijana wenye GPA nzuri wakiahirisha "mpaka nikiwa tayari kabisa", na aliyekuwa nyuma yao darasani akaingia kazini mapema kwa kuwa na mtihani mmoja mkononi.

CS1 ina karatasi mbili, moja ya nadharia na nyingine ya kompyuta kwa lugha ya R. R ni programu ya bure. Iweke kwenye kompyuta yako mwanzoni mwa mwaka wa pili, na kila zoezi la takwimu ulilofanya kwa mkono lirudie ndani ya R jioni ile ile. Idara yako ikifundisha programu nyingine, isome upate alama, lakini ya mtihani ni R.

Kuhusu gharama, IFoA ina ada iliyopunguzwa kwa watu wenye kipato kidogo, nayo inaombwa kabla ya kujisajili. Hata hivyo si pesa ndogo kwa mtu anayeishi kwa bumu. Anza kuweka akiba muhula mmoja kabla, na uwaeleze wazazi au walezi mapema kwamba hii ni sehemu ya masomo yako kama ilivyo ada ya chuo.

Hatua ya 4: Riba, thamani ya sasa, na kikokotoo

Idara nyingi za hisabati huipa mada hii kozi moja ndogo, au haipo kabisa. Kama haipo, jisomee kwa kufuata muhtasari wa CM1. Hapa ndipo hisabati yako inapogusa maisha ya watu, kwa hiyo tutakaa kidogo.

Anza na rahisi. Shilingi 1,000,000 itakayolipwa baada ya miaka 10, kwa riba ya asilimia 8, thamani yake leo ni 1,000,000 gawanya kwa 1.08 kipeo cha 10, sawa na 463,193. Kama italipwa tu iwapo mtu fulani bado yu hai, na uwezekano wa kuwa hai ni 0.97, zidisha: 449,297. Mstari huo mmoja, ukirudiwa kwa kila mwaka wa maisha ya mtu, ndiyo roho ya bima ya maisha na pensheni.

Sasa chukua kikokotoo cha mafao cha Tanzania, kile kilichozua mjadala mkubwa kwa wafanyakazi. Kanuni iliyoanza Julai 2022 inachukua wastani wa mshahara wa mwaka, inazidisha kwa idadi ya miezi ya kuchangia, kisha inagawa kwa 580. Hiyo ndiyo pensheni kamili ya mwaka. Asilimia 33 yake ilizidishwa kwa 12.5 ikalipwa kwa mkupuo, na asilimia 67 iliyobaki ikagawanywa kwa 12 kuwa pensheni ya kila mwezi. Asilimia ya mkupuo ilipandishwa baadaye, lakini muundo ndio huo. Aliyekuwa na mshahara wa wastani wa 12,000,000 kwa mwaka na miezi 360 ya kuchangia anapata pensheni kamili ya 7,448,276 kwa mwaka. Kwa kanuni ile ya asilimia 33, mkupuo ni 30,724,138 na pensheni ya mwezi ni 415,862.

Fanya hesabu hiyo mwenyewe, halafu ujiulize swali la mtakwimu bima: ile 12.5 maana yake nini? Bila riba, ni miaka 12 na nusu ya malipo. Kwa riba ya asilimia 5, shilingi moja kila mwisho wa mwaka kwa miaka 20 ina thamani ya 12.46, karibu kabisa na ile ile. Na kwa riba ya asilimia 8, shilingi moja kila mwaka bila kikomo ina thamani ya 12.5 kamili. Namba ni moja, maana ni tatu zilizo mbali mbali. Ipi inamfaa mstaafu na ipi inaufaa mfuko? Huwezi kujibu bila jedwali la vifo na dhana ya riba unayoweza kuitetea. Mwanafunzi anayeweza kulieleza hili kwa utulivu kwenye usaili ananishawishi haraka kuliko mwenye orodha ndefu ya vyeti.

Hatua ya 5: Mwaka wa mwisho, chagua kwa makusudi

Kipaumbele cha kwanza ni michakato nasibu (stochastic processes), cha pili mfululizo wa takwimu kwa muda, na cha tatu uchambuzi wa muda wa kuishi kama upo. Hizi zinakupeleka CS2, mtihani unaowatesa wengi wasio na msingi wa hisabati. Hapo shahada yako inakulipa. Kozi ya uhasibu wa mwanzo ichukue hata kama ni ya kitivo kingine, kwa sababu huwezi kufanya kazi ya IFRS 17 bila kusoma mizania.

Topolojia na nadharia ya namba ni nzuri, na kama unazipenda soma moja. Mbili zitakula nafasi ya kozi unazozihitaji.

Kwa mafunzo ya vitendo, usiombe kampuni za bima tu. Andika barua kwa mifuko ya pensheni, bima za afya, kampuni za bima mtawanyo (zinazozikatia bima kampuni za bima zenyewe), madalali wa bima na mamlaka za usimamizi kama TIRA ya Tanzania au IRA ya Kenya. Omba idara ya madai au ya hesabu, ukae karibu na data halisi: tarehe zilizokosewa, dai moja lililoandikwa mara mbili, umri wa mteja unaosomeka miaka 120. Jifunze kusafisha data ya namna hiyo kwa Excel na R.

Ukiwa huko, kila wiki andika nusu ukurasa kwa Kiswahili au Kiingereza ukimweleza meneja asiye mtu wa hisabati hesabu moja uliyoifanya: umedhani nini, umepata nini, na jibu litabadilika kiasi gani dhana yako ikikosea. Mwombe msimamizi wako aisome na kuikosoa. Kurasa hizo ziweke kwenye faili moja pamoja na matokeo ya CS1, ndiyo faili utakalokwenda nalo kwenye usaili.