Jinsi ya kulifuatilia neno la Kizungu mpaka kwenye mzizi wake (tumechukua "Gift")

Mdogo wangu, mtoto wa mamdogo, anaitwa Gift na mwaka huu ndo kaanza kupandisha wageni Kilimanjaro kwa njia ya Marangu. Juzi karudi hapa Moshi kanyong'onyea kweli, anasema kuna mama wa Kijerumani alisoma kibeji chake cha jina akamuuliza mara mbili kama ndo alivyoitwa na wazazi, maana kwao hilo neno liko kwenye makopo ya sumu ya panya. Anataka abadilishe aitwe Zawadi. Nikamwambia mdogo wangu ngoja, chukua daftari tukae.

Ukikutana na neno la hivi andika neno katikati afu zungushia lugha. Kiingereza, zawadi. Kijerumani, sumu. Kiswidi, Kinorwe na Kideni ni sumu na pia ni mtu aliyeoa au kuolewa, lote hilo hilo gift. Kiholanzi ni mchango, sumu wenyewe wanaiita gif. Ukiziangalia maana utaona vurugu tupu, kwahiyo achana nazo kwanza tafuta kitendo: Waingereza wana give, Wajerumani geben, Waswidi ge, zote ni kupa. Gift ni kitu kilichotolewa. Hata sisi kipaji kimetoka kwenye kupa, na Mjerumani mtu mwenye kipaji anamwita begabt, kitendo ni kile kile.

Ukishapata kitendo uliza kimetolewa nini na nani kampa nani, hapo ndo njia zinapoachana. Kwenye Kiingereza cha kale gift ilikuwa mahari, na ikiwa kwa wingi ni harusi yenyewe, jambo ambalo Mchaga aliyewahi kubeba mbege kwenda ukweni halimpi shida kulielewa. Ndo maana Mswidi akisema yeye ni gift anamaanisha yuko kwenye ndoa. Na Mjerumani mpaka leo mali anayokuja nayo bibi harusi kutoka kwao anaiita Mitgift, na haina sumu yoyote ndani.

Sasa sumu imetoka wapi? Hapa mimi ndo pananifurahisha kuliko pote. Wagiriki walikuwa na neno dosis, maana yake kutoa, waganga wakalitumia kwa kipimo cha dawa anachopewa mgonjwa, likaingia Kilatini, Wajerumani wakalitafsiri kwa neno lao wenyewe la kutoa, yaani Gift, afu taratibu kile "alichopewa" mtu kikabaki kuwa kibaya tu. Na hiyo dosis unaijua vizuri sana, ndo dozi, ile ya malaria unayopewa dirishani ukaambiwa uimalize.

Pia sikiliza linavyotamkwa usisome tu. Mswidi anasema kama "yift", kwahiyo Gift akijitaja kwa mdomo Mswidi hasikii ndoa, ila akisoma kibeji anaiona.

Na angalia usije ukaunganisha kila kinachofanana. Burro kwa Mtaliano ni siagi, kwa Mhispania ni punda, lakini hao hawana undugu kabisa, siagi imetoka kwenye boutyron ya Kigiriki na punda katoka kwenye burricus ya Kilatini, farasi mdogo. Hakikisha kwenye kamusi inayoonyesha asili ya neno, zipo za bure kwenye simu, ukikuta mizizi miwili jua ni sura tu zimefanana.

Tulivyomaliza nikamwandikia Gift sentensi moja ya Kijerumani akaifanyia mazoezi jikoni huku anamenya ndizi, Ich heiße Gift, wie in Mitgift, yaani naitwa Gift, kama kwenye Mitgift. Jumanne kapanda tena na kundi lingine, kibeji kakivaa kile kile.