Jiko la kuni Uingereza: kuni baadaye, kwanza cheti

Niko Lamu mwezi huu na kila baraza ninayokaa Langoni naulizwa zile picha za moto nilizotuma WhatsApp. Khalati wangu anadhani Ulaya tumerudi kwenye mafiga. Sivyo khalati, lile ni jiko la chuma lina mlango wa kioo, na limenila pesa vibaya. Kwa hiyo wenzangu mnaonunua nyumba zenye hilo jiko, someni.

Kuwasha si kazi. Vipande vikubwa chini, vijiti juu, tia moto kwa juu, fungua hewa yote, ukishakolea punguza. Majivu ndoo ya chuma yenye mfuniko, ikae nje.

Balaa ni kuni. Nilinunua kwa jamaa wa pikapu, bei chee, akaapa zimekauka. Sasa sie tumezoea mkoko uliopigwa na jua la kaskazi, ukiushika tu unajua. Nikapokea kwa macho. Zikawa zinatoa povu kwenye ncha na kulia tss kama samaki kwenye mafuta, kioo kinakuwa cheusi kila usiku, nami nafuta tu kwa gazeti bichi lililochovywa jivu nikidhani ndo hali yake. Kumbe moshi wa kuni mbichi ukipanda kwenye dohani unapoa, unaganda ukutani kama lami. Januari, ile lami ikashika moto, nikasikia mngurumo kama spidiboti inapita juu ya paa. Ikikupata: ziba hewa zote, toa watu nje, piga 999, maji usimwage ndani ya lile jiko.

Zimamoto walifika upesi na hakuna aliyeomba ya chai. Kazi ikaja kwa bima. Swali la kwanza kabisa, cheti cha msafisha dohani kiko wapi? Nikasema nimesafisha mwenyewe, brashi hii hapa. Kleimu ikakataliwa. Kumbe kwenye mkataba imo, fundi asafishe kila mwaka na akupe cheti, maandishi madogo kama mchele wa kuvunjika. Nyumbani huendi Huduma Centre bila kopi ya ID, Uingereza mbona tunajisahau? Cheti. Weka na risiti za kuni pia. Nasema tena, CHETI.

England tangu 2021 kuni zinazouzwa chini ya mita 2 za ujazo lazima unyevu usizidi asilimia 20, tafuta alama ya Ready to Burn. Nunua na kipima unyevu, pasua kipande upime ndani, nje panadanganya. Na nyie wa pwani msiokote magogo ya ufukweni, chumvi inakula chuma na moshi wake ni sumu.

Kuna maeneo moshi ukizidi faini inafika pauni 300. Jirani Mwingereza atakusalimia vizuri asubuhi, jioni anakuandikia kwa kaunsili. Kwetu angepiga hodi agombe, yaishe.

Alamu ya kaboni monoksidi iwe chumba hicho hicho cha jiko. Binamu yangu alipofika baridi ikamzidi, akaingiza jiko la mkaa chumbani! Nikamtoa nalo. Lamu jiko liko juu kabisa ya nyumba, hewa inapita, Uingereza kila tundu limezibwa na ile gesi haina harufu, unalala huamki. Alininunia wiki nzima. Sasa lile jiko liko uani, tunachomea mishkaki.