Kulehemu LED ndogo kwa ajili ya nyumba ya mfano

Madirisha ya nyumba ya mfano ya kadibodi hayahitaji LED za miguu mirefu. Ni kubwa mno. Chukua zile bapa zisizo na miguu, saizi 0805, yaani milimita 2 kwa 1.25. Zipo ndogo zaidi za 0603, lakini anayeanza aachane nazo kwanza.

Uwe na pasi ya kulehemu yenye kidhibiti joto na ncha nyembamba, waya wa lehemu wa milimita 0.5 (bati 63, risasi 37), flaksi (dawa ya kupaka inayosaidia lehemu kushika), kibano cha ncha kali, na waya wa shaba wenye vanishi wa milimita 0.15, ule wa kusukia koili.

Wengi hukwama kwenye vanishi. Kwa macho waya ni shaba tupu, kumbe umefunikwa, ndiyo maana lehemu inakimbia na kujikunja pembeni. Pandisha joto la pasi hadi nyuzijoto 380, weka tone nono la lehemu kwenye ncha ya pasi, kisha chovya waya humo sekunde 2 au 3. Waya utatoa moshi kidogo (usiuvute, washa feni) na kugeuka rangi ya fedha pande zote. Ukigoma, vanishi yake ni ya aina isiyoungua kwa joto hilo: ikwangue kwa wembe. Kata sehemu iliyoshika lehemu ibaki milimita 1.

Sasa shusha hadi 320. Bandika utepe wa gundi ya pande mbili kwenye ubao, laza LED kifudifudi ili vituo vyake vya chuma vitazame juu. Paka flaksi, weka lehemu kidogo sana kila kituo, kisha laza waya juu yake na uguse kwa pasi sekunde moja tu, bila kuongeza lehemu. Acha ipoe ndipo uhamie upande wa pili. Ukizidisha joto, waya wa ndani hukatika: LED itawaka ukiibonyeza na kuzimika ukiiachia. Hiyo haitengenezeki, tupa.

Alama ya hasi chini ya LED usiiamini sana, kila kiwanda kina yake. Weka mita ya umeme kwenye kipimo cha dayodi, kisha gusisha nyaya zake kwenye nyaya mbili za LED. Ikiwaka hafifu, waya mwekundu wa mita uko kwenye chanya. Waya wa hasi ukate mfupi ili usisahau.

Kwa chaja ya simu ya volti 5, rezista (kipunguza mkondo wa umeme) ya omu 330 kwa LED nyekundu na 220 kwa nyeupe hupitisha takriban miliampia 9. Kwa dirisha dogo huo ni mwanga mkali kupita kiasi. Omu 1,000 inapendeza zaidi. Kila LED iwe na rezista yake, kwani zikichangia moja, hazitawaka sawa.

Zijaribu dakika chache kabla ya kuzigandisha, kisha dondoshea kila kiungo rangi ya kucha isiyo na rangi, waya usije ukakatikia hapo. Na unawe mikono kabla ya kula. Lehemu hiyo ina risasi.