Jamvi lililobenuliwa na mizizi: trekta liingie mwisho

Mwanzoni mwa Juni alinipigia simu mama mmoja mwenye mashine ya kukoboa mpunga pale Dakawa, Morogoro. Nikamwamkia, akaitikia, kisha akasema: "Mwanangu, njoo na trekta lako uning'olee visiki vitatu na jamvi la uwani. Kazi ya nusu siku tu."

Nusu siku ilikuwa siku tatu. Na katika siku hizo tatu, trekta liliwaka labda saa tano kwa jumla. Muda uliobaki ulikwenda kwa sururu, mtaimbo, shoka na maji ya kunywa. Naeleza nilivyofanya, kwa sababu wengi wanaoniita huwa wameshafukuza vibarua wakidhani trekta litafanya yote.

Jamvi lenyewe lilikuwa sakafu ya zege ya kuanikia mpunga, mita 12 kwa 8. Pembeni marehemu mumewe alipanda mikrismasi miwili na mjohoro mmoja ili wateja wapate kivuli. Mkrismasi una maua ya kupendeza, lakini mizizi yake mikubwa hutambaa juujuu, na chini ya zege hukuta unyevu ambao jua haliufikii. Mzizi unaingia mwembamba kama kidole, halafu unanenepa mwaka hadi mwaka mpaka jamvi linabenuka. Mpunga ukawa unapotelea kwenye nyufa na wanaofaidi ni kuku. Jamvi la ukindu likichakaa unalikunja unaliweka kando. Hili la zege lina namna yake.

Anza na hesabu. Mita moja ya ujazo ya zege ina uzito wa kilo 2,400 hivi. Sehemu iliyoharibika ilikuwa mita 5 kwa 8, unene sentimita 10, yaani mita 4 za ujazo, karibu tani 10. Trekta langu ni Massey Ferguson 375, nguvu za farasi 75, nalo halifiki hata nusu ya uzito huo. Kwa hiyo anayekwambia ulifunge jamvi zima mnyororo ulivute kama mkeka, mwache avute yeye.

Kabla tairi halijakanyaga uwanja, zunguka na mtaimbo ukichomachoma ardhi, na uulize wakongwe wa pale. Mabomba yanapita wapi? Waya wa umeme wa mashine umefukiwa wapi? Na zaidi ya yote, choo cha zamani kilikuwa wapi? Mimi mtaimbo ulinizamia ghafla hatua nne kutoka kwenye kisiki cha pili. Shimo la choo, limefunikwa kwa magogo na udongo, nyasi juu. Mama mwenyewe alikuwa amelisahau. Tukalizungushia matawi ya miiba na nikabadilisha upande wa kuvutia.

Msimu nao una neno lake. Udongo wa huko ni mfinyanzi mweusi. Aprili trekta linazama, Oktoba ardhi ni tofali. Juni, masika yakishapita na chini kukiwa bado na ubichi, ndipo mizizi huachia.

Tulianza na jamvi, visiki baadaye, maana jamvi linaikandamiza mizizi na linakuficha usione inakokwenda. Anzia pale lilipobenuka zaidi, kwa kuwa chini yake pana uwazi. Zege lina nguvu ukiligandamiza, ila ni dhaifu ukilikunja. Ukilipiga likiwa limelala juu ya ardhi, nyundo inarudi na mikono inakufa ganzi. Basi liinue kwanza: ingiza mtaimbo ukingoni, weka jiwe chini ya mtaimbo liwe egemeo, likipanda sentimita tano sukuma jiwe jingine chini ya zege lenyewe. Sasa piga kwa nyundo kubwa katikati ya jiwe na sehemu ambayo bado imelala. Mapigo matatu manne unasikia sauti inabadilika, inakuwa nzito kama ya ngoma iliyolegea. Hapo limeshapasuka. Mwagia maji kidogo kupunguza vumbi, maana lile vumbi si la kuvuta, na vaa miwani hata kama vijana watakucheka.

Vunja vipande vya sentimita 60 kwa 60. Kimoja kina kilo 86 hivi, watu wawili na mtaimbo wanakiviringisha hadi kwenye tela. Ukikuta wavu wa BRC ndani, ule wa waya wa chuma wa kuimarisha zege, vipande havitaachana. Kata waya kwa mkasi wa nondo kabla ya kuvuta chochote. Vipande vikubwa zaidi nilivifunga mnyororo kwenye mikono ya haidroliki, ile ya nyuma ya trekta inayonyanyua jembe, nikavinyanyua kidogo tu kutoka chini na kwenda navyo taratibu. Kunyanyua kwa mikono ile ni sawa. Kuvutia kisiki kwa mikono ile ni jambo jingine, nalifikia.

Kuna wanaoshauri kuwasha moto juu ya jamvi lipasuke lenyewe. Zege lenye unyevu likipata moto mkali hurusha vipande. Sikutaka kibarua wala mtoto wa mtu apofuke uwani kwa mama wa watu.

Sasa visiki. Kabla sijafika, fundi wa chenso, msumeno wa injini, alikuwa ameshakata mkrismasi mmoja sawasawa na ardhi, akaona amefanya usafi. Kisiki hicho kimoja kilitumalizia siku nzima. Kama mti bado umesimama, mwambie fundi aache kimo cha kifua. Urefu ule ndio mkono wako wa kuvunjia mizizi. Ukiukata unabaki kuvuta kitu ambacho hakina pa kushika.

Chimba handaki kuzunguka kisiki, upana wa chepe mbili, mpaka uione mizizi ya pembeni. Osha udongo kwa maji kabla ya kutumia shoka, mchanga unaua makali. Kila mzizi ukate mara mbili na utoe kipande cha katikati. Ukikata mara moja tu, ncha zinakutana na kubanana pale kisiki kinapoanza kulala.

Ndipo unawasha trekta. Mnyororo ufungwe kwenye ndoano ya chini ya kukokotea tela. Usiufunge kwenye toplinki, ule mkono wa juu wa katikati nyuma ya trekta, wala kwenye mikono ya haidroliki, wala kwenye ekseli, wala popote palipo juu zaidi ya hapo. Nikiwa kijana, kwenye trekta lisilo na fremu ya kinga, nilifunga kwenye toplinki kwa haraka zangu. Kisiki kilikataa, magurudumu ya nyuma yakashika ardhi, na pua ya trekta ikaanza kupanda mbele ya macho yangu kama farasi. Mguu wa kushoto ulikuwa juu ya klachi, nikakanyaga, likashuka kwa kishindo. Trekta linapinduka kinyumenyume kwa muda unaopungua sekunde mbili. Huna nafasi ya kufikiri ndani yake. Tangu siku hiyo navuta kwa gia ndogo kabisa, mkanda umefungwa na mguu haubanduki klachini.

Utingo wangu kila mara hunong'ona, "Bosi, lirushe kidogo, litatoka." Hapana. Kaza mnyororo polepole mpaka unyooke, kisha ongeza mafuta taratibu. Kurusha ndiko kunakokata mnyororo. Kamba ya nailoni ni mbaya zaidi, inavutika halafu inarudi kama manati. Tupia gunia bichi la mchanga juu ya mnyororo katikati, na watu wakae mbali kwa urefu wa mnyororo mara moja na nusu; wangu ni mita 8, basi wao mita 12, na si upande unaovutwa. Tairi zikizunguka bila kwenda, acha. Unachimba makaburi tu. Shuka, kuna mzizi umeusahau.

Kwa kile kisiki kilichokatwa chini nilitumia gurudumu bovu la lori, ringi na tairi lake. Lisimamishe wima likiegemea kisiki upande wa trekta. Zungushia mnyororo kisiki chini kabisa, upitishe juu ya gurudumu, ushuke hadi kwenye ndoano. Mnyororo ukikaza gurudumu linasimama lenyewe, aliyelishika aondoke. Trekta linavuta mbele lakini kisiki kinavutwa juu. Kilitoka saa kumi jioni na bonge la udongo ukubwa wa meza, mama akapiga vigelegele peke yake pale mlangoni.

Shimo usilijaze siku hiyo hiyo kwa kusukuma udongo wote ndani. Toa mizizi iliyobaki chini ya eneo la jamvi jipya, kwa sababu ikioza inaacha mapango na sakafu inatitia. Jaza kwa tabaka za sentimita 15, mwagia maji, shindilia. Kifusi cha jamvi la zamani kiligongwagongwa kikawa msingi wa jamvi jipya, lakini utingo alipita kwanza akiokota vipande vya waya. Hata hivyo kimoja kilimponyoka, nikakikuta kwenye tairi la mbele nikiwa njiani kurudi.

Mjohoro huchipua, kwa hiyo hata kipande kidogo cha kisiki kisibaki ardhini. Nilipopita Agosti kudai salio langu, chipukizi mbili zilikuwa zimetokeza pembeni ya jamvi jipya. Nikazichimbua kwa panga huku mama akihesabu hela.