Namna ya Kufuatilia Kuenea kwa Migahawa Yenye Matawi Mengi Ulaya

Anza na tawi la kwanza katika kila nchi, kwa kuwa mahali lilipofunguliwa na mtu aliyelifungua hueleza mengi kuliko idadi ya matawi ya leo. McDonald's iliingia bara la Ulaya mwaka 1971 kupitia Zaandam, mji wa Uholanzi ulio karibu na Amsterdam, kwa ubia na Ahold, kampuni ya maduka ya vyakula yenye asili yake katika eneo hilo hilo. Ilifika London mwaka 1974. KFC ilikwisha kuitangulia nchini Uingereza, mjini Preston, tangu 1965.

Kisha chunguza upinzani, sehemu ambayo wengi huiruka isivyo haki. Tawi la McDonald's katika uwanja wa Piazza di Spagna, Roma, lilizua maandamano mwaka 1986, na kutokana nayo likachipuka Slow Food, vuguvugu la Mwitaliano Carlo Petrini la kutetea vyakula vya kienyeji.

Orodhesha pia waliofunga milango. Nchini Iceland, McDonald's iliondoka mwaka 2009, kwa sababu nyama, jibini na hata vitunguu viliagizwa kutoka Ujerumani, na sarafu ya nchi ilipoporomoka gharama hizo hazikubebeka tena.