Namna ya Kuipima Sheria Inayoruhusu Washukiwa wa Ugaidi Kuzuiliwa Bila Kesi

Mwongozo huu ni kwa yeyote anayetakiwa kutoa maoni juu ya sheria ya kupambana na ugaidi, iwe mbele ya kamati ya bunge, katika mdahalo au katika makala, na anayetaka hoja yake isimame hata mbele ya mpinzani hodari. Swali ambalo hatua zote zinalizunguka ni hili: ukiwaondoa waliomkamata mtu huyu, ni nani mwingine aliyepewa nafasi ya kuipima habari iliyosababisha akamatwe? Ugaidi ni hatari ya kweli na umeua watu wengi wasio na hatia, lakini ukubwa wa hatari hiyo hauthibitishi kwamba huyu aliyefungiwa ndiye mhusika.

Tenganisha aina za kuzuiliwa

Midahalo mingi huvurugika kwa sababu wasemaji huyaita mambo manne kwa jina moja. Kuna siku ambazo polisi wanaruhusiwa kumhoji mshukiwa kabla ya kumfungulia mashtaka. Kuna mahabusu aliyekwisha kushtakiwa ambaye anasubiri kesi yake. Kuna mtu anayewekwa kizuizini kwa amri ya waziri au ya kamanda wa jeshi, kwa hofu ya atakachokuja kukifanya na bila nia ya kumshtaki. Na kuna mfungwa wa vita, ambaye Mikataba ya Geneva ya mwaka 1949 inaruhusu azuiliwe hadi mapigano yakome. Mabishano makali yako katika aina ya tatu, na katika jitihada za kuitanua aina ya nne ili iwakumbe hata watu waliokamatwa mbali na uwanja wowote wa vita.

Hata hivyo, usiipuuze aina ya kwanza. Nchini Uingereza serikali ya Tony Blair iliomba mwaka 2005 ruhusa ya kumshikilia mshukiwa kwa siku 90 kabla ya mashtaka. Wabunge walikataa na kukubali 28. Ombi jingine la siku 42 lilikwama mwaka 2008, na mwaka 2011 ukomo ukarudishwa kuwa siku 14. Kila unapotajiwa idadi ya siku, uliza ni kazi gani hasa ya upelelezi inayozihitaji siku zote hizo.

Isome sheria kabla ya kuitaja

Ibara ya 9 ya Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na Kisiasa wa mwaka 1966 inakataza mtu kuzuiliwa kiholela, na inampa kila aliyezuiliwa haki ya kwenda mahakamani ili uhalali wa kuzuiliwa kwake uamuliwe bila kuchelewa. Ibara ya 6 ya Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu nayo inakataza kukamatwa kiholela. Ibara ya 5 ya Mkataba wa Ulaya wa Haki za Binadamu imebana zaidi, kwani inaorodhesha sababu zinazoruhusu mtu kunyimwa uhuru wake.

Usidai, hata hivyo, kwamba sheria ya kimataifa imekipiga marufuku kabisa kizuizi cha aina hii, kwa maana mpinzani aliyesoma atakuangusha hapo hapo. Mkataba wa mwaka 1966 na ule wa Ulaya huiruhusu nchi kusimamisha baadhi ya wajibu wake pale ambapo hali ya hatari inatishia uhai wa taifa, ingawa kwa kiwango kile tu ambacho hali yenyewe inakilazimisha. Mkataba wa Afrika hauna kifungu cha namna hiyo. Mwaka 1961, katika shauri la Lawless dhidi ya Ireland, Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu ilikiri kwamba mlalamikaji, aliyeshukiwa kuwa mwanachama wa IRA, kundi lenye silaha lililopinga utawala wa Uingereza katika Ireland ya Kaskazini, alizuiliwa bila kufikishwa mbele ya hakimu, lakini ikaamua kwamba tangazo la hali ya hatari liliiruhusu serikali kufanya hivyo. Chombo bora cha kumjibu anayeitegemea hukumu hiyo ni ufafanuzi uliotolewa mwaka 2014 na Kamati ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa: kuzuia watu kwa sababu za usalama, nje ya vita na bila nia ya kuwashtaki, kwa kawaida ni kuzuia kiholela, kwa kuwa njia nyingine zipo, ikiwamo mahakama ya jinai. Serikali inayodai kuwa na sababu ya pekee ndiyo yenye mzigo wa kuithibitisha, na mzigo huo huzidi kuwa mzito kadiri muda unavyorefuka.

Ieleze hoja ya serikali kwa nguvu yake yote

Andika hoja ya upande wa pili kama vile mwenyewe angeiandika. Serikali husema kwamba habari za kijasusi haziwezi kusomwa hadharani bila kuhatarisha maisha ya watoa habari. Kwamba mahakama huadhibu tendo lililokwisha kufanyika, ilhali hapa kinachotafutwa ni kulizuia. Na kwamba kosa la kumwachia mtu mmoja linaweza kugharimu mamia ya maisha. Hizi ni hoja za watu wenye jukumu zito, na zinastahili majibu ya kweli.

Jibu lako lianzie kwenye yaliyokwisha kutendeka. Tarehe 7 Agosti 1998 balozi za Marekani mjini Nairobi na Dar es Salaam zililipuliwa, na watu 224 wakauawa. Washtakiwa wanne walipelekwa katika mahakama ya kawaida mjini New York, wakatiwa hatiani mwaka 2001 na kuhukumiwa kifungo cha maisha. Mshukiwa mwingine wa mashambulio hayo hayo, Ahmed Ghailani, alikamatwa mwaka 2004, akashikiliwa kwa siri na shirika la ujasusi la CIA, akapelekwa Guantánamo, gereza la kijeshi la Marekani kisiwani Kuba, na ndipo mwaka 2009 akafikishwa New York. Jaji alikataa kumsikiliza shahidi muhimu kwa sababu jina lake lilipatikana kwa kumshurutisha mshtakiwa. Mwishowe Ghailani alitiwa hatiani kwa shtaka moja kati ya zaidi ya 280, na kwa hilo moja akapewa kifungo cha maisha. Yako mambo mawili ya kuzingatia hapa. Mahakama iliweza kumhukumu hata baada ya ushahidi huo kutupwa; na mara nyingi kinachoifanya kesi ishindikane ni namna serikali yenyewe ilivyoupata ushahidi. Nchi iliyomtesa mtu, kisha ikasema haiwezi kumshtaki, inaomba ruhusa ya kunufaika na kosa lake.

Usiwasahau waliofiwa. Khalid Sheikh Mohammed, anayetuhumiwa kupanga mashambulio ya Septemba 11, alikamatwa mwaka 2003, na zaidi ya miaka 20 baadaye kesi yake ilikuwa bado haijaanza kusikilizwa. Familia za waliouawa zimenyimwa hukumu kama yeye alivyonyimwa.

Fuata maisha ya mtu mmoja, tarehe kwa tarehe

Hatua hii ndiyo yenye uzito kuliko zote, kwa sababu maneno kama ulinzi na mapitio huonekana kutosha mpaka yapimwe kwa kalenda. Chukua mfano wa Lakhdar Boumediene, Mwalgeria aliyekamatwa Bosnia mwaka 2001. Mahakama ya Bosnia iliamuru aachiliwe Januari 2002 kwa kukosekana kwa ushahidi. Badala yake alikabidhiwa kwa Marekani na kupelekwa Guantánamo. Juni 2008 Mahakama ya Juu ya Marekani ilitamka kwamba wafungwa wa huko wanayo haki ya kikatiba ya kupinga kuzuiliwa kwao. Novemba mwaka huo jaji aliupitia ushahidi na kuamuru aachiliwe, na Mei 2009 akapokewa Ufaransa. Mara jaji huru alipopewa nafasi ya kuitazama habari yenyewe, iliporomoka, lakini kuipata nafasi hiyo kulichukua zaidi ya miaka sita. Kwa hiyo, ukiisoma sheria iliyo mbele yako, jaza tarehe za kubuni: leo amekamatwa, ni siku ya ngapi atamwona wakili, na ni siku ya ngapi jaji atakuwa na uwezo wa kuamuru aachiliwe?

Angalia ni nani anayeguswa

Ireland ya Kaskazini, katika mgogoro kati ya Wakatoliki waliotaka kuungana na Ireland na Waprotestanti waliotaka kubaki chini ya Uingereza, ilianza kuwazuilia watu bila kesi tarehe 9 Agosti 1971. Siku ya kwanza walikamatwa 342, karibu wote kutoka upande wa Wakatoliki, na wengi walitokana na orodha zilizopitwa na wakati. Watiifu kwa Uingereza, ambao nao walikuwa na makundi yenye silaha, hawakuguswa hadi mwaka 1973. Mpango ulipokoma Desemba 1975, watu 1,981 walikuwa wamepitia kizuizini, na mwaka 1972 ulikuwa umeshuhudia vifo vingi kuliko mwaka wowote wa mgogoro ule. Kizuizi hakikuwa sababu pekee, lakini ahadi kwamba kingeleta utulivu haikutimia.

Sheria ya Uingereza ya mwaka 2001 nayo iliruhusu kuwafunga bila ukomo wageni tu. Desemba 2004 majaji wanane kati ya tisa wa mahakama ya juu kabisa waliikataa: kama raia wanaotiliwa shaka ya aina ile ile wanaweza kudhibitiwa bila kufungwa, kumfunga mgeni peke yake ni ubaguzi, na ulazima uliodaiwa haupo.

Andika madai yanayoweza kuingizwa katika kifungu

Unapofika kuandika maoni yako, taja maneno unayotaka yaongezwe au yafutwe. Dai ukomo wa siku usiorefushwa bila amri ya jaji. Dai mzuiliwa aelezwe kiini cha tuhuma kwa kiasi cha kumwezesha kuzijibu, jambo ambalo Mahakama ya Ulaya ililisisitiza mwaka 2009, kwa kuwa wakili maalumu anayeruhusiwa kuuona ushahidi wa siri hawezi kumtetea mteja asiyejua anatuhumiwa nini. Pendekeza pia hatua nyepesi zaidi, kama vile kupigwa marufuku kusafiri au kutakiwa kuripoti polisi, huku ukikumbuka kwamba nazo zinahitaji jaji na ukomo. Mwisho, omba kifungu kinachoifuta sheria yenyewe baada ya muda uliotajwa isipopigiwa kura upya, na kinachoitaka serikali ilitangazie bunge kila mwaka ni watu wangapi wamezuiliwa, kwa muda gani, na wangapi kati yao hatimaye walishtakiwa.